Anayetaka kusoma sheria ahesabu makosa yake

Mwezi Oktoba mwaka 2022 wananchi wengi walishtushwa na matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, mahali ambapo mwenye shahada ya sheria hupitia kabla ya kuapishwa kuwa wakili. Kati ya watahiniwa 633, waliofaulu masomo yote walikuwa 26 tu. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 waliondolewa kabisa. Hao hawakuwa watoto waliokuwa wakijifunza kusoma na kuandika. Kila mmoja wao alikuwa amekwisha kukaa chuo kikuu kwa miaka kadhaa na kutunukiwa shahada. Serikali iliunda kamati chini ya uenyekiti wa Dk. Harrison Mwakyembe ili kutafuta kiini cha jambo hilo.

Mengi yalisemwa katika mjadala uliofuata. Wapo waliovilaumu vyuo, wapo waliowalaumu wanafunzi, na wapo waliotaka lango la kuingilia libanwe kwa mtihani wa kuchuja. Wazo hilo si geni katika Afrika ya Mashariki. Chuo Kikuu cha Makerere kiliwahi kuwatahini waombaji wa shahada ya sheria kabla ya kuwapokea, na sheria ya mwaka 2012 inayohusu Chuo cha Sheria cha Kenya inautaja mtihani wa kutangulia mafunzo ya uwakili. Hakuna ubaya wa kuwa na lango. Lakini kila linapojengwa lango hapana budi kuuliza maswali mawili: ni nani atakayeweza kulipita, na ajiandae vipi ili alipite kwa haki?

KIU YA MBAGALA

Maswali hayo yana uzito wa pekee katika mahali kama Mbagala. Wilaya ya Temeke, kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, ina watu zaidi ya milioni 1.3, na sehemu kubwa yao wamejazana katika makazi yaliyotanda pande zote mbili za Barabara ya Kilwa. Huko kiwanja kimoja huweza kuuzwa kwa watu wawili. Mjane huweza kufukuzwa katika nyumba kabla arobaini ya marehemu haijatimia. Kibarua wa kiwandani huachishwa kazi kwa maneno ya mdomo. Haikuwa bure Mahakama ya Tanzania ilipofungua huko Temeke, mwaka 2021, kituo jumuishi cha kushughulikia mashauri ya ndoa, mirathi na familia.

Kwa hiyo si ajabu kwamba miongoni mwa walimu, makarani na watendaji wa mitaa wa Mbagala wamo wenye shauku ya kusoma sheria. Wameyaona matatizo hayo kwa macho yao kabla ya kuyasoma vitabuni. Mwalimu wa shule ya msingi ambaye jioni huombwa na majirani awaandikie barua ya malalamiko amekwisha kuianza kazi ya wakili bila ya kujijua. Anachokosa ni elimu, na baina yake na elimu hiyo umesimama mtihani.

Taifa hili limewahi kumfikiria mtu wa namna hiyo. Elimu ya juu nchini ilianza kwa sheria: mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kitivo cha sheria kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wasiofika 15. Mwaka 1974 Azimio la Musoma lilitaka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waende chuo kikuu, na mtihani wa watu wazima ukawa njia inayojulikana. Mtihani huo ulikuwa na karatasi mbili, moja ya kupima uwezo wa jumla wa mtahiniwa na nyingine ya somo alilolichagua. Mwaka 1992 ikatungwa sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria, chenye makao makuu Kinondoni, na miaka miwili baadaye kikapokea wanafunzi wake wa kwanza. Chuo cha Uongozi wa Mahakama cha Lushoto nacho hutoa cheti na stashahada ya sheria. Tume ya Vyuo Vikuu nayo iliweka utaratibu wa kuutambua kwa mtihani ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa. Milango basi ipo. Tatizo ni namna watu wanavyoiendea.

UGONJWA WA KUKARIRI

Mtahiniwa wa kawaida hujiandaa hivi. Hutafuta karatasi za mitihani iliyopita, huzirudufu, kisha hutafuta majibu yaliyoandikwa na mtu mwingine. Usiku, watoto wakiisha kulala, huyasoma majibu hayo mara tatu, mara nne, hadi yanamkaa kichwani. Baada ya hapo hujipima kwa karatasi ile ile. Mara ya kwanza alipata alama 38, sasa amepata 61, naye hufurahi kwamba amepiga hatua. Ukweli ni kwamba ameipima kumbukumbu yake tu. Siku ya mtihani swali hugeuzwa kidogo, muuzaji akawa mpangaji na mpangaji akawa mrithi, na yale aliyoyakariri hayamfai kitu.

Kuna ushahidi wa kitaalamu juu ya jambo hili. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Wanafunzi walisoma habari fupi. Wengine wakaisoma tena, na wengine wakaifunika na kuandika yote waliyoweza kuyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Lakini walipopimwa baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka kiasi cha asilimia 56 na waliorudia kusoma asilimia 42. Kurudia kusoma humpa mtu raha ya kudhani kwamba anajua. Kujipima humwonyesha asichokijua, na raha haimo.

Hiyo ndiyo maana ya mtihani wa majaribio. Kazi yake ni ile ile ya kipimajoto cha mganga. Kipimajoto huonyesha homa lakini hakiiponyi, na mgonjwa anayejipima mara kumi kwa siku bila ya kumeza dawa hatapata nafuu. Alama haitapanda kwa sababu mtu amefanya majaribio ishirini. Itapanda iwapo baada ya kila jaribio amekaa na kila kosa lake na kuuliza limetoka wapi.

DAFTARI LA MAKOSA

Mtahiniwa mwenye nia na awe na daftari la makosa. Makosa ya mitihani ya sheria kwa kawaida huwa ya namna nne. Kwanza ni kutoijua kanuni. Pili ni kutolielewa swali. Tatu ni kukosea katika hoja. Nne ni kuishiwa na wakati. Kila kosa lina dawa yake, na mwenye kuyachanganya yote pamoja akasema tu kwamba "somo ni gumu" hajajisaidia.

Chukua mfano wa kiwanja cha Charambe kilichouzwa kwa watu wawili. Mtahiniwa anaombwa amshauri mnunuzi wa pili. Asiyejipanga huandika kurasa tatu juu ya Sheria ya Mikataba, tangu maana ya pendekezo hadi maana ya kukubali, na mwisho mnunuzi wa pili hajashauriwa lolote. Msahihishaji humpa alama chache, naye hunung'unika kwamba aliandika mengi. Kosa lake si la kutojua, kwani kanuni alizijua. Hakuiona hoja iliyobishaniwa, wala hakuichukua kanuni akaiweka juu ya habari alizopewa: ni nani aliyenunua kwanza, ni nani aliyejua, ni karatasi gani ilisainiwa. Mtu huyo akiongeza saa za kukariri vifungu, alama yake haitatikisika. Dawa yake ni kuandika majibu mafupi mengi, kila moja likitaja hoja, kanuni, jinsi kanuni inavyoyagusa mambo yaliyotokea, na hitimisho.

Kosa la hoja nalo linahitaji mazoezi yake. Tuseme kila mwenye kibanda katika soko fulani ana leseni, na Asha ana leseni. Je, ni lazima Asha awe na kibanda sokoni hapo? Wengi watajibu haraka kwamba ndiyo. Jibu ni hapana, maana leseni huweza kuwa nayo hata asiye na kibanda. Mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria vya Marekani, ambao ulianza mwaka 1948 na hutolewa kwa alama kati ya 120 na 180, umejengwa juu ya maswali ya kusoma kwa makini na kupima hoja. Hauulizi hata kifungu kimoja cha sheria. Watungaji wake wanaamini kwamba asiyeweza kutofautisha lililosemwa na lisilosemwa atapata taabu chuoni hata akivijua vifungu vyote.

Wakati nao una hesabu yake. Karatasi ya saa tatu yenye maswali matano humpa mtahiniwa dakika 36 kwa kila swali, na humo humo mna kusoma, kupanga na kuandika. Anayefanya mazoezi mezani kwa nafasi, huku akinywa chai na kufungua kitabu, hajapata kuujua mtihani. Majaribio hayana budi yafanywe kwa saa, kwa kalamu, na kwa karatasi ambayo mtahiniwa hajaiona. Tena asidanganywe na alama moja. Mwenye kupata 44, kisha 51, kisha 46, hajapanda wala hajashuka. Wastani wa majaribio matatu ukilinganishwa na wastani wa matatu yaliyopita ndio utakaosema kweli.

LUGHA NA HAKI

Liko jambo jingine ambalo halistahili kupitwa. Mwaka 2021 Bunge lilitunga sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hata hivyo mitihani ya sheria vyuoni bado huandikwa kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza. Mwalimu wa Mbagala ambaye kazi yake yote ni kwa Kiswahili hupoteza alama kwa sababu amelisoma swali polepole, hali hoja yake ni nzima. Iwapo mtihani unataka kupima akili ya kisheria, haifai ugeuke kuwa mtihani wa Kiingereza kwa mlango wa nyuma. Mpaka lugha ya mtihani itakapokutana na lugha ya mahakama, mtahiniwa hana budi kusoma kila siku ukurasa mmoja wa hukumu kwa Kiingereza na kuufupisha kwa Kiswahili. Zoezi hilo litamfundisha lugha na sheria kwa pamoja.

Lakini si haki mzigo wote kumtwika mtahiniwa. Daftari la makosa linahitaji msahihishaji, na msahihishaji hapatikani kwa kila mtu. Mtoto wa mwenye nafasi atalipiwa mwalimu wa kumsahihishia kila wiki. Mwalimu wa Mbagala atajisahihisha mwenyewe, kwa taa ya sebuleni, baada ya kusimama darasani mchana kutwa. Lango lililojengwa bila ya kulitazama jambo hili litawachuja watu kwa mifuko yao na kudai kwamba limewachuja kwa akili zao.

Dawa haihitaji fedha nyingi. Walimu wanazijua vizuri taarifa za Baraza la Mitihani zinazochambua majibu ya watahiniwa swali kwa swali, zikionyesha walikosea wapi na kwa nini. Kila chombo kinachotahini watu kwa ajili ya masomo ya sheria kingefanya vivyo hivyo, kikaambatanisha mifano ya majibu mazuri na mabaya, mtahiniwa asiye na mwalimu angempata mwalimu katika karatasi. Halmashauri nazo zina madarasa ambayo jioni hukaa matupu. Mawakili vijana wanaotoka katika kata hizo hizo wangeweza kuombwa watoe jioni moja kwa wiki, wasahihishe majibu na kuyajadili na walioyaandika. Watahiniwa sita wanaosahihishiana kwa ukali na kwa upendo hufika mbali kuliko mmoja anayejifungia ndani na lundo la karatasi zilizorudufiwa.

Wale 26 wa mwaka 2022 walistahili pongezi. Lakini nchi inayohitaji mawakili Temeke, Tandahimba na Kasulu haiwezi kuridhika na kuhesabu waliopita tu. Waliofeli hawana budi kuelezwa wamekosea wapi, kwa kuwa mtu hujirekebisha pale alipoonyeshwa kosa lake. Mtahiniwa na alifungue daftari lake, na wenye kutahini wamfungulie la kwao.