Wanaoukata Upepo kwa Ajili ya Wengine



Hapa kwetu Tabora baiskeli si mchezo. Ndiyo iletayo mkaa mjini, ndiyo ibebayo madumu ya maji na asali, na huko vijijini ndiyo impelekayo mgonjwa zahanati. Tunapoambiwa kwamba wako watu Ulaya wanaolipwa mshahara kwa kuendesha baiskeli, hatukosi kutabasamu. Lakini liko la kustaajabisha zaidi: wengi wa watu hao hawalipwi ili washinde. Wanalipwa ili mwenzao ashinde.

Mashindano makubwa kuliko yote ya mchezo huo, Tour de France, huchukua wiki tatu na urefu wa karibu kilomita 3,500, milima mirefu ikiwemo. Kwa kawaida timu huwa na kiongozi mmoja; waliobaki ni wasaidizi wake. Wafaransa humwita msaidizi huyo kwa neno lenye maana ya mtumishi wa nyumbani. Kazi yake ni kutangulia na kuukata upepo, ili kiongozi amfuate nyuma akiwa amehifadhi nguvu zake. Aliyepata kupakia gunia na kukabiliana na upepo wa kiangazi katika njia ya Nzega haihitaji kuelezwa zaidi. Msaidizi hurudi nyuma hadi kwenye gari la timu, akajaza chupa za maji ndani ya fulana yake, kisha akapanda nazo kuwafikishia wenzake. Kiongozi akipata pancha, msaidizi humpa gurudumu lake, au hata baiskeli yenyewe, naye akabaki kando ya barabara akingoja gari. Mwisho wa wiki tatu jina lake husomwa chini kabisa ya orodha.

Mmoja wa waliopitia kazi hiyo alikulia jirani zetu. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akajifunza mchezo kwa David Kinjah, Mkenya aliyekuwa akiwakusanya vijana na kuwafunza huko Kikuyu. Mwaka 2006 akaiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, na baadaye akaendesha kwa bendera ya Uingereza. Mwaka 2010 aligundulika kuwa na kichocho, maradhi ambayo sisi wa kanda hii hatuhitaji kuelezwa.

Mwaka 2012 Froome alipangwa kumsaidia Mwingereza mwenziwe, Bradley Wiggins, katika Tour de France. Katika mlima wa La Toussuire aliongeza mwendo, na kiongozi wake akaanza kuachwa nyuma. Amri ikamjia kupitia redio ya sikioni: mngoje. Akamngoja. Siku chache baadaye, kule Peyragudes, ulimwengu ulimwona akigeuka nyuma mara kwa mara na kumwashiria Wiggins amfuate. Wiggins akawa Mwingereza wa kwanza kutwaa taji hilo. Froome akawa wa pili, kwa tofauti ya dakika 3 na sekunde 21.

Je, alidhulumiwa? Sisi tunaona hakudhulumiwa, kwa sababu tatu. Kwanza, alijua tangu mwanzo kiongozi ni nani. Pili, alikuwa na mshahara wake, na desturi ya mchezo ni kwamba fedha za mshindi hugawanywa kwa timu nzima. Tatu, zamu yake ilifika: mwaka 2013 timu ilimpanga yeye kuwa kiongozi, akashinda, kisha akashinda tena 2015, 2016 na 2017. Hata mwaka 2018, Geraint Thomas, aliyekuwa amemsaidia kwa miaka mingi, akashinda yeye, na Froome akawa wa tatu.

Mji wetu unaijua habari hii kwa sura nyingine. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, kila kilichotoka Bagamoyo kwenda Ujiji kilipita mabegani mwa wapagazi, Wanyamwezi wakiwa mbele. Walilipwa ujira wao, aghalabu kwa vitambaa, lakini majina yaliyobaki vitabuni ni ya wenye msafara. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake hadi pwani. Walipofika hapa, Waingereza waliowakuta waliwashauri wamzike. Wakakataa, wakaendelea na safari. Mwaka uliofuata Livingstone akazikwa London kwa heshima kubwa, na Susi na Chuma hawakuwapo. Tusisahau pia waliopita njia hiyohiyo wakiwa katika minyororo. Hao hawakuwa wasaidizi wa mtu, walidhulumiwa.

Basi tuyalete mambo haya matatu majumbani mwetu: kuambiwa mapema, kupata fungu, kupewa zamu. Ni nyumba ngapi zina kijana aliyeishia darasa la saba, akashika baiskeli ya mizigo ili wadogo zake wasome? Ni nyumba ngapi zina binti aliyebaki kumuuguza mama huku ndugu zake wakiwa Dar es Salaam na Mwanza? Aliyesoma akirudi na shahada, huchinjiwa mbuzi. Aliyeukata upepo ndiye anayemchuna mbuzi huyo.

Wengi wao hawakuulizwa, hawakupangiwa fungu, na zamu yao haikutajwa kamwe. Tena huwa twawanyamazisha kwa neno zuri, kwamba ujira wao uko kwa Mwenyezi Mungu. Neno hilo ni la kweli, lakini halikuletwa ili liwe kisingizio cha binadamu kuzuia malipo yaliyo mikononi mwake. Hata katika daftari la kamati ya msikiti, mtoa mifuko ya saruji huandikwa jina. Anayejaza tangi la maji ya udhu kabla ya alfajiri haonekani, na maji hayo ndiyo tunayotawadhia sote.

Tunashauri familia zikae kikao. Walio na kipato wamkadirie posho ya kila mwezi dada anayeuguza, mama akiwa bado hai, kwa kuwa mafungu ya mirathi yamekwisha pangwa nayo hayatazami ni nani aliyekesha. Kaka aliyeacha shule aulizwe leo anataka nini: mtaji, ufundi, au elimu ya watu wazima. Na watoto waambiwe wazi, kwa jina, ni nani aliyewabebea maji.

Wabillahi tawfiq.