Kuzuia Kabla ya Kuondoa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Mwezi huu twapenda kuzungumza na wasomaji wetu, khasa vijana, juu ya taka ambazo jicho huzipita: vipande vya plastiki visivyofika milimita 5, ambavyo wataalamu huviita maikroplastiki. Mfuko ukitupwa uani, jua huukausha, ukakatika vipande, na vipande vikakatika tena hata vikachanganyika na mchanga. Watu husema mfuko umeoza. Haukuoza; umetawanyika.

Je, vyaweza kutengwa na mchanga? Vyaweza. Mwaka 2004 Richard Thompson wa Plymouth, Uingereza, na wenziwe, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao wa mchanga na tope la pwani. Waliutia katika maji yaliyokolea chumvi, ukakorogwa, kisha ukaachwa utue. Lita ya maji yaliyoshiba chumvi ina uzito wa kilo 1.2 hivi, punje za mchanga, kwa ujazo huo huo, ni kama kilo 2.6. Basi mchanga huzama, na plastiki nyepesi, kama ile ya mifuko, huelea. Vilivyo juu huchujwa na kutazamwa kwa hadubini.

Lakini plastiki ya mabomba ni nzito kuliko maji hayo, nayo huzama na mchanga. Hiyo hutaka maji ya kloridi ya zinki, ambayo ni dawa kali yenye madhara. Udongo wa shamba ni mgumu zaidi: mizizi na majani yaliyooza huelea pamoja na plastiki, hata hapana budi viyeyushwe kwa peroksidi ya hidrojeni.

Na kazi yote hiyo ni ya konzi moja ya udongo katika maabara, ili vipande vihesabiwe. Nani ataiosha pwani nzima? Na ukilimwagia shamba maji ya chumvi ili ulisafishe, umeliua.

Hatusemi kwamba plastiki ni najisi. Twasema kuwa nguo yenye najisi tumefunzwa kuiosha, na ardhi yenye uchafu huu hatuna maji ya kuioshea. Ndipo ifaapo ile kanuni ya mafakihi, kwamba kulizuia jambo ni kwepesi kuliko kuliondoa lilipokwisha kuingia.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na Tanzania Bara mwaka 2019. Lakini chupa, kamba na magunia ya plastiki yangalimo majumbani mwetu. Enyi akina mama, msichanganye taka hizo na maganda yapelekwayo shambani. Enyi akina baba, gunia lililoanza kuchanika lisiachwe juani. Nanyi vijana, iokoteni chupa ingali nzima: leo yataka mkono mmoja, ikisagika, haitatoshwa na mikono ya mji mzima. Ardhi ni amana, na mwenye amana ataulizwa.

Wabillahi taufiki.