Nani Kalipa Tiketi?

Serikali za nchi tajiri zina desturi ya kuwapangia raia wao dunia kwa ngazi za hatari. Marekani ina nne: ya kwanza inamtaka msafiri achukue tahadhari za kawaida, ya nne inamwambia asiende kabisa. Kwa waliotungiwa ni utaratibu wa maana. Mmarekani anayekuja Mombasa au Arusha amejilipia tiketi ya kwenda na kurudi, kadi ya benki anayo mwenyewe, pasipoti ameifungia chumbani hotelini, na mambo yakiharibika atatafuta ndege ya kesho. Kilichobaki kwake ni kujua hali ya mahali. Kijana wa Afrika Mashariki anayetoka kwenda kutafuta maisha hana karibu chochote kati ya hivyo, kwa hiyo ngazi hizo, hata angezisoma, zisingemwambia analohitaji kulijua. Swali la kwanza la usalama wake halihusu nchi. Linahusu mtu: nani kalipa tiketi, na huyo aliyelipa anaweza kumdai nini akifika.

Tuanze na mvuto wenyewe, maana wanaouandika kama tamaa au ujinga wa vijana hawautendei haki. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, na Saudi Arabia ilikuwa ya pili baada ya Marekani kwa fedha hizo. Nyuma ya tarakimu hiyo kuna bati jipya, karo iliyolipwa kabla mtoto hajarudishwa nyumbani, na dada aliyerudi likizo na masanduku matatu. Jirani haoni takwimu, anaona bati. Mtu akiamua kwenda baada ya kuona hayo, amefanya hesabu. Kasoro ni kwamba katika hesabu hiyo nauli huandikwa sifuri, kwa kuwa kuna wakala aliyesema "usijali, kila kitu kimelipiwa", na sifuri hiyo ndiyo ninayoitilia shaka.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote unatoka Thailand, nchi ambayo hakuna mtu mwenye akili atakayeiita ya kutisha. Mwaka 2024 iliingiza watalii zaidi ya milioni 35, wakaonja pilipili, wakapiga picha mahekalu, wakarudi makwao. Katika miaka hiyo hiyo, tangu takriban 2022, vijana wa Kenya, Uganda na mataifa mengine kadhaa wamekuwa wakishuka Bangkok kwa ahadi ya kazi ya mauzo au ya kuhudumia wateja kwenye kompyuta. Walipokewa vizuri. Wakatiwa kwenye gari kwa safari ya saa nyingi kuelekea magharibi hadi mji wa mpakani wa Mae Sot, wakavushwa mto Moei, na upande wa pili wakajikuta Myanmar, katika kambi zenye kuta na walinzi wenye bunduki karibu na Myawaddy. Huko pasipoti ilichukuliwa na kazi halisi ikaelezwa: kukaa kwenye simu usiku kucha, kujifanya mchumba wa mtu usiyemjua, mpaka akuamini na kutia akiba yake katika biashara hewa ya sarafu za mtandaoni. Aliyekataa alisomewa deni, yaani tiketi, usafiri, malazi na gharama ya "kumleta", na ndugu zake wakaambiwa watume fedha wakitaka aachiwe. Mapema mwaka 2025 maelfu ya watu wa mataifa mengi walitolewa katika kambi hizo. Sasa mweke kijana huyo pembeni ya mtalii. Wametua uwanja mmoja, afisa wa uhamiaji pengine ni huyo huyo, ngazi ya hatari ya nchi ni ile ile. Mmoja alijilipia safari yake. Mwingine alilipiwa.

Ghuba ni habari nyingine, na haifai kuitia kapu moja na kambi za wahalifu. Wapo mabosi waungwana, na wapo kina mama waliojenga, wakasomesha, wakarudi salama. Lakini ukitazama fedha zinavyotembea utaona mshipa ule ule. Mwajiri wa Riyadh au Muscat humlipa wakala gharama za kumpata mfanyakazi wa ndani, na kwa mfumo wa kafala ukaazi wa mfanyakazi huyo unafungwa kwa jina la mwajiri. Wanaporudi, wengi husimulia neno moja waliloambiwa walipoomba kuondoka: nimekununua. Ni neno la kikatili, ila limetoka kwenye risiti. Anayelitamka anakumbuka alicholipa na anataka miaka yake miwili. Mageuzi ya Saudi Arabia ya mwaka 2021, yaliyowarahisishia wafanyakazi wa kigeni kuhama mwajiri, yaliwaacha nje wafanyakazi wa ndani, wale ambao kazi yao iko nyuma ya mlango wa mtu. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2011 kuhusu kazi za ndani unasema mfanyakazi ana haki ya kukaa na hati zake za kusafiria. Utekelezaji wa haki hiyo unaonekana kwenye foleni ya uwanja wa ndege: ukimwona wakala ameshika pasipoti za wasichana kumi kwa mpira mmoja, ameanza kuivunja kabla ndege haijaruka.

Linganisha na msafiri mwingine wa kwetu, anayeomba viza ya Schengen kwenda kwenye harusi Ujerumani. Anabeba bahasha nene: taarifa ya benki, barua ya mwajiri, nafasi ya ndege ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na akinyimwa viza hazirudi. Ni gharama nzito, na kumtoza mtu kwa kumkataa kuna harufu ya dhuluma ambayo sitaitetea. Wazungu nao hawakuitunga orodha hiyo kwa kumhurumia Mwafrika. Wanalinda hospitali na hazina zao. Hata hivyo ifungue bahasha uitazame tena. Njia ya kurudi, akiba, anwani, atakayelipa ukiugua. Ndivyo vitu ambavyo wale wasichana wa foleni hawakuulizwa na mtu yeyote.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja hii linatoka kwa watetezi wa wafanyakazi wenyewe, nami naliheshimu. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba wakala wa ajira asimtoze mfanyakazi ada. Sababu yake inaeleweka: maskini akijilipia safari ya kazi, atakopa, na mkopo huo utamfunga kuliko pingu. Je, si nasema kinyume kwa kumshuku anayelipa? Sivyo. Kanuni hiyo ina nusu mbili na sisi hutekeleza moja. Mwajiri alipe, naam, na akishalipa iwe gharama yake ya biashara, kama anavyolipia umeme. Asiidai kwenye mshahara, asiidai kwa kushika pasipoti, asiidai kwa kufunga mlango. Kwetu nusu ya kwanza inatimizwa kwa shangwe na ya pili inaachwa, ndipo tiketi ya bure inapogeuka rehani na aliyewekwa rehani ni abiria.

Mwingine atasema mahali pia huua, na ni kweli. Vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kwa mafunzo ya kilimo, kwa njia halali, waliuawa katika shambulio la 7 Oktoba 2023, wiki chache tu baada ya kufika. Hakuna karatasi ingewakinga. Lakini vita vya Sudan vilipolipuka Aprili mwaka huo huo, Watanzania wapatao 200, wengi wao wanafunzi, walitolewa na kurudishwa nyumbani. Walikuwa na vyuo vinavyojulikana, na ubalozi ulijua pa kuwatafuta. Aliye ndani ya nyumba ya mtu, bila simu wala pasipoti, hatafutiki hata katika nchi yenye amani.

Serikali zetu hupenda kujibu kwa marufuku. Kenya ilizuia kupeleka wafanyakazi wa ndani Mashariki ya Kati mwaka 2014, Uganda ikazuia wa Saudi Arabia mwaka 2016. Kufikia 2017 zote mbili zilikuwa zimelegeza. Marufuku haikuondoa mvuto. Iliwapitisha watu mipaka ya jirani kwa viza za matembezi, bila mkataba wa kazi unaotambulika, wakaponea kwa bahati au wasipone. Kuliko kufunga mlango, ningependa kuona sharti moja dogo: wakala asipewe kibali cha kumsafirisha mtu mpaka nauli ya kumrudisha iwekwe kwenye akaunti yenye jina la msafiri mwenyewe, ambayo wakala na mwajiri hawawezi kuigusa, na ubalozi uipate nakala. Tiketi ya kurudi kutoka Riyadh au Doha ni ndogo mbele ya ada anayopokea wakala kwa kichwa kimoja. Akisema haiwezekani, msafiri asipande ndege hiyo.