NYIKA "TUPU" ILIYOKUWA NA WATOTO WAWILI (Tusome na Watoto, sehemu ya 4)

Leo nesi wenu haongelei homa wala uji wa lishe. Wengi mmeniuliza kama Harry Potter inamfaa mtoto, kwa sababu ya uchawi.

Maoni yangu: fimbo na fagio zinazoruka zisikutishe. Ni hadithi, kama sungura anayeongea. Pa kukaa macho ni mahali pamoja kwenye kitabu cha nne, Harry Potter and the Goblet of Fire cha J. K. Rowling, kilichotoka mwaka 2000.

Wachawi wana fainali ya kombe la dunia la mchezo wao, Ireland na Bulgaria. Uwanja wa watu 100,000 wataufichaje? Wanachagua nyika ya mbali huko Uingereza: ubaridi, ukungu, majani magumu, kama ule ukanda wa juu wa Kilimanjaro kabla hujafika kwenye mawe matupu. Wanasema hapana watu. Kisha wanapazungushia uchawi: mtu wa kawaida akisogea tu, anakumbuka ghafla ana shughuli ya haraka kwingine, anageuza.

Sasa soma vizuri. Hapana watu kivipi? Pana bwana Roberts, msimamizi wa uwanja wa mahema, ana nyumba yake ya mawe, mke na watoto wawili. Kila akianza kuwashangaa wageni, mchawi wa serikali anamfuta kumbukumbu. Mmoja wao analalamika kwamba inabidi wamfanyie hivyo mara kumi kwa siku! Usiku baada ya mechi, wachawi wenye vinyago wanairusha familia nzima hewani. Mtoto anazungushwa kama pia. Mama amepinduliwa kichwa chini na gauni lake la kulalia. Na wengine wanajiunga, wanacheka.

Asubuhi bwana Roberts anawaaga wageni kwa kuwatakia Krismasi njema. Ni mwezi wa nane jamani! Wanasema atakaa sawa, wanaenda zao.

Wodini mtu akizinduka tunamuuliza: unaitwa nani, uko wapi, leo ni lini? Akijibu Krismasi mwezi wa nane, hatumpungii mkono. Tunaandika kwenye faili na tunamwita daktari. Na mtu mzima mwenye akili timamu hupewi ruhusa ya kumtibu bila kumweleza naye akakubali.

Mtu ataniambia walikuwa wanalinda siri yao. Sawa. Si wangemlipa bwana Roberts aipeleke familia likizo wiki mbili? Hakuna aliyewaza hivyo, kwa sababu kwao hakuwa mtu wa kuulizwa. Wenye vinyago ni wabaya, ndiyo, lakini walikuta familia ile imeshahesabiwa kama haipo.

Hata nyika za kweli za Uingereza si tupu. Dartmoor, kusini magharibi, kuna wafugaji wa kondoo na ng'ombe mpaka leo, na mabaki ya nyumba za mawe za watu walioishi huko maelfu ya miaka iliyopita. Ukiambiwa mahali hapana watu, uliza kwanza anayesema ni nani.

Kwa hiyo usimnyang'anye mtoto kitabu. Kama ameshafika miaka kumi hivi, kisomeni pamoja, maana mwishoni kinakuwa kizito. Mkifika hapo nyikani, funga kitabu kidogo, muulize: Hapa anaishi nani? Nani aliulizwa? Wale watoto wawili wataamkaje kesho? Kisha nyamaza umsikilize. Watoto wana majibu, mtashangaa.

Na sisi wakubwa tujisikilize. Mgeni akipiga simu, "Nyumbani kuna nani?", tunajibu mbele ya watoto: "Hakuna mtu, yupo dada tu." Dada aliyeamka saa kumi na moja, akamnywesha mtoto uji, akamfulia sare. Hakuna mtu?

Mtoto anajifunza hapo, kabla hajajua hata kusoma. Kuanzia leo tumtaje dada kwa jina lake.

Niambieni chini, nyumbani kwenu ni nani mnayemsahau kumhesabu? Sehemu ya 5 nakuja na vitabu vya picha kwa walio chini ya miaka mitano. Usiku mwema.