Mvua Si Mwizi

Kuna jambo linanikera mwaka nenda mwaka rudi, na safari hii sitalimeza.

Hapa kwetu Lubumbashi mvua huanza mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, hushika kasi Desemba hadi Februari, na hutuaga Aprili. Ilikuwa hivyo kabla Wabelgiji hawajauanzisha mji huu mwaka 1910, na iko hivyo leo. Zaidi ya milimita 1,000 za maji hutumwagikia katika miezi hiyo michache. Mwizi ndiye anayekuja bila kutangaza. Mvua si mwizi. Mvua ni mgeni mwenye mwezi wake, hutanguliza joto la Oktoba na upepo wa vumbi, na wahenga walikwisha kutuambia kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Lakini ikinyesha ile kubwa ya kwanza, tazama tunavyokimbia! Huyu amebeba godoro kichwani, yule anaulizia mtoto wake, wa tatu amesimama barabarani anamlaani mkuu wa komini. Watu wazima, wenye akili zao, hushangazwa kila mwaka na kitu kilekile.

Wengine hujitetea. Eti kujiandaa na maafa ni kazi ya watu wa pwani, wenye bahari na vimbunga. Sisi tuko juu, mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, maji yatatufikia wapi? Hayo ni maneno ya mtu aliyelala. Beira ya Msumbiji, kweli, iko pwani, na kimbunga Idai kiliivunjavunja Machi 2019. Je, Blantyre ya Malawi ina bahari gani? Ni mji wa milima katika nchi isiyo na hata shubiri moja ya pwani, na Machi 2023 kimbunga Freddy kiliufuata hukohuko. Milima ikaporomoka usiku juu ya nyumba za Chilobwe na Ndirande, na Malawi ikahesabu maiti zaidi ya 600. Tena kwa nini niende nchi za watu? Usiku wa kuamkia 13 Desemba 2022, mvua ya usiku mmoja iliua zaidi ya watu 100 Kinshasa, serikali ikatangaza siku tatu za maombolezo. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, mito ilishuka kutoka milima ya Kalehe, Kivu ya Kusini, ikavisomba vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Waliozikwa walipita 400. Kalehe hakukuwa na kimbunga. Kulikuwa na mvua, milima iliyokatwa miti, na nyumba zilizosimama njiani mwa maji. Na sisi tunao mto Lubumbashi uliotupa jina, tunao Kafubu na Naviundu, tunayo misitu ya miombo tuliyoigeuza makaa gunia kwa gunia mpaka ardhi imebaki wazi. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Nendeni mwezi wa nane katika avenyu yoyote ya komini zetu za Katuba au Kenya, asubuhi mapema, mtazame kanivo, mfereji wa kando ya barabara. Mama ameamka kabla ya jua, ameinama na ufagio mfupi, anafagia uwanja wa parseli yake, kiwanja chake, mpaka mistari ya ufagio inaonekana mchangani. Sijui mji mwingine katika Kongo hii wenye wamama wanaofagia kama wa Lubumbashi, na nalisema kwa fahari. Kisha jivu la mbabula, lile jiko la makaa, maganda ya mihogo, sashe (vifuko vya plastiki) za maji, chupa za plastiki na kandambili iliyokatika, vyote anavisukuma kwa mguu hadi mlangoni, na kutoka mlangoni hadi ndani ya kanivo. Parseli imetakata, kanivo imeshiba. Septemba majani yanaota juu ya takataka hizo. Oktoba kijana anaweka ubao juu yake, anauza kadi za simu. Novemba maji yanakuja, yanaitafuta njia yake hayaioni, yanageuka na kuingia kwa jirani wa chini. Na huyo jirani wa chini ndiye tunayekutana naye Jumapili kanisani, tunamshika mkono, tunamwambia pole!

Sashe hizo zilipigwa marufuku kwa amri ya serikali ya mwisho wa mwaka 2017. Amri iko katika karatasi, sashe ziko katika kanivo.

Mtaniambia kuna salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mitaa. Naijua salongo. Wazee wetu waliifanya enzi za Mobutu kwa hofu, na vijana wa leo wanaiona kuwa mtego wa kutozwa faini Jumamosi asubuhi. Lakini ubaya wa msimamizi haufuti wema wa kazi. Jirani zetu wa Rwanda hutoka na majembe Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, wakubwa kwa wadogo, nao hawakuzaliwa na mikono zaidi ya miwili. Sisi tunaojigamba kwa shaba na kobalti inayotafutwa na dunia nzima tunashindwa na mfereji wa upana wa hatua moja.

Sasa nigeukie wenye mihuri. Nani aliyeyakata mabonde ya vijito kuwa viwanja? Nani aliyetia sahihi? Maji hayakuhama kwenda kuwafuata watu. Watu waliuziwa kitanda cha maji wakati wa kiangazi, kikiwa kikavu, na muuzaji alijua. Yule anayechukua pesa ya mjane akampa parseli ambayo itakuwa mto mwezi wa kwanza, huyo hana tofauti na mnyang'anyi, hata akivaa suti na kukaa kiti cha mbele ibadani. Lakini na mnunuzi naye nisimwache. Ndugu yangu, bei ilipokuwa nusu ya bei ya jirani wa juu, hukujiuliza? Rahisi ni ghali. Halafu umejenga kwa tofali bichi la udongo wa kichuguu, lisilopita motoni, bila msingi wa mawe. Maji yakilala mguuni mwa ukuta wa namna hiyo siku mbili, tofali linarudi kuwa udongo, na ukuta unaanguka usiku, upande ambao watoto wamelala.

Sisi sote, Wakristo na Waislamu, tunamjua Nuhu, aliyejenga safina nchi kavu huku watu wakimcheka. Tunamjua Yusufu, aliyejaza ghala za Misri katika miaka ya neema. Manabii hao hawakukaa wakasali tu. Walipima, wakakata mbao, wakaweka akiba. Kwa hiyo anayeniambia kwamba mafuriko ni mapenzi ya Mungu, na akae kimya. Mungu hakutia sashe ndani ya kanivo.

Wala msiniambie habari ya umaskini. Bangladesh, wakati huo Pakistani ya Mashariki, ilikuwa fukara mwaka 1970, kimbunga kilipoipiga pwani yake na kuua watu si chini ya 300,000. Mwaka 1972, wakiwa wametoka vitani majuzi tu, walianza mpango wa kujitolea wakishirikiana na Msalaba Mwekundu. Watu wa kijiji chenyewe walipewa bendera, vipaza sauti na baiskeli, wakajua nani anazunguka wapi kuwatangazia wenzake, na wapi pa kukimbilia. Vimbunga havikuacha kuja, lakini katika miaka ya karibuni vifo vimeshuka kutoka malaki hadi makumi au mamia. Na Mei 2024 ndugu zetu wa Tanzania waliambiwa na Mamlaka yao ya Hali ya Hewa, siku kadhaa mapema, kwamba kimbunga Hidaya kinakuja. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa, wavuvi wakaonywa. Kilipofika Mafia kilikuwa kimepungua nguvu. Sikusikia aliyelalamika kwamba alionywa bure. Bora kuonywa mara tatu bure kuliko kuzikwa mara moja.

Basi nawauliza wana Lubumbashi: katika avenyu yako, nani anajua pa kukimbilia maji yakija usiku wa manane? Shule ipi iko juu, na ufunguo wake uko kwa nani? Nani atambeba mgongoni baba yule mzee asiyetembea, wa nyumba ya mwisho? Nani atakata umeme? Swali hili la umeme si dogo. Tarehe 2 Februari 2022, katika soko la Matadi-Kibala, Kinshasa, waya ulianguka ndani ya maji ya mvua ukaua watu 26, karibu wote wamama waliokuwa sokoni. Vyeti vya kuzaliwa na diploma za watoto viko wapi? Vingi viko ndani ya sanduku chini ya kitanda, mahali pa kwanza pa kulowa; vifungwe ndani ya mfuko, viwekwe juu ya kabati, leo, si kesho. Na kisima kilicho hatua kumi kutoka chooni, maji ya mvua yakivichanganya viwili hivyo, familia inakunywa nini? Likasi na Lubumbashi hazijasahau kipindupindu cha mwanzoni mwa 2008, wakati wa mvua vilevile.

Kuyapanga hayo hakuhitaji dola za wafadhili. Kunahitaji jioni moja, viti kumi, shefu wa kartie (mtaa), pasta, imamu, mwalimu na wamama wawili wenye sauti. Tena kupanga tunakujua vizuri! Siku timu yetu ya soka, TP Mazembe, inapocheza Kamalondo, wapenzi wake hukusanyika na ngoma zao, kila mmoja anajua avae nini, akae wapi, aanze kuimba saa ngapi. Watu wanaoweza kuupanga umati ule hawashindwi kuipanga avenyu moja yenye nyumba arobaini.

Mji wetu una hatari nyingine ambayo pwani haina. Maji yetu hayatoki mbinguni tu. Novemba 2025 maji ya bwawa la taka za kiwanda cha madini yalimwagika katika kartie za Kasapa, Kamatete na Moïse, na Waziri wa Madini akaisimamisha kampuni. Mwezi wa Februari mwaka huohuo, ng'ambo ya mpaka wetu, Zambia, bwawa la taka za mgodi lililoko Chambishi lilipasuka, asidi ikaingia mto Kafue, na mji wa Kitwe ukafungiwa bomba. Anayeishi chini ya bwawa la mgodi ana haki ya kujua ndani yake mna nini, king'ora kitalia vipi, na watoto wakimbilie upande gani. Kampuni inayochimba mabilioni haiwezi kukosa fedha za king'ora.

Hapa nitoke njiani kidogo, maana kuna jambo jingine siwezi kulipita. Maji yakishaua, au radi ikishapiga, badala ya kutafuta beleshi tunatafuta mchawi. Radi Katanga hupiga kila msimu. Hufuata kitu kirefu, hufuata mti ulio peke yake, hufuata mtu aliyesimama uwanjani. Lakini kilioni watu wanaanza kunong'ona, na kidole kinaelekezwa kwa bibi mjane mwenye macho mekundu. Macho yake ni mekundu kwa sababu amepika bukari juu ya moshi miaka hamsini, akiwalisha haohao wanaomnyooshea kidole! Wengine wanamgeukia mtoto yatima, wanamwita mlozi, wanamfukuza akalale mjini pamoja na mashege, watoto wa mitaani. Sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi, na wachungaji wanaotoza pesa kuyatoa mapepo hayo wanaijua. Aibu iwafunike. Mtu anayemsaka mchawi hawezi kuiona kanivo iliyoziba, na ndiyo maana maafa yanamrudia mwaka unaofuata.

Nirudi kwenye maji. Ofisi ya Barabara na Mifereji, wakuu wa komini zote saba na serikali ya Haut-Katanga nawaomba hivi: zibueni mifereji mikubwa wakati wa kiangazi, wakati magari yanapita na udongo ni mkavu, msingoje kuleta mashine Januari mbele ya kamera. Wekeni alama za mawe pale maji yalipofika mwaka jana, na asiuziwe mtu kiwanja chini ya alama hiyo. Utabiri wa Mettelsat, wakala wa taifa wa hali ya hewa, usomwe redioni kwa Kiswahili tunachokielewa, asubuhi na jioni. Waliojenga bondeni wasivunjiwe nyumba tu wakaachwa na watoto barabarani. Wapewe mahali pengine kwanza.

Nawe msomaji, usingoje serikali. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Jumamosi hii, baada ya chai, toka na koleo mbele ya parseli yako, uzibue hatua zako ishirini za kanivo, na uchafu uupeleke mbali, usiurundike ukingoni ukarudi ndani na mvua ya kwanza. Ukimkuta jirani wa juu bado amelala, mgongee mlango.