Mjapani Hakulindwa Bure



Kila tunapokutana na mazungumzo yakaangukia askari wa Uingereza wanaofanya mazoezi kule Nanyuki, hakosi mmoja wetu wa kutwambia: tuige mfano wa Mjapani! Alishindwa vita mwaka 1945, akamwachia Mmarekani kazi ya kumlinda, yeye akakaa kutengeneza magari na redio. Tumeisikia hadithi hii mpaka imetuchosha, na leo tunaipinga.

Ni kweli kwamba Waziri Mkuu Yoshida Shigeru alijua kujadiliana. John Foster Dulles alipokwenda Tokyo mwaka 1951 akitaka Japani ijenge upya jeshi, Yoshida alijitetea kwa katiba, ambayo ibara yake ya 9 inakataza jeshi, na kwa umaskini wa nchi iliyotoka vitani. Oktoba 1953 mjumbe wake, Ikeda Hayato, alikaa Washington na Walter Robertson. Wamarekani walitaka askari wa nchi kavu 325,000. Ikeda hakuvuka 180,000. Wapenda hadithi huishia hapo, wakapiga makofi.

Sisi tuliokaa miaka mingi na mikataba ya ujenzi hatuupimi mkataba kwa idadi ya vibarua. Tunauliza nani amefungwa kufanya nini, mpaka lini, na nani ana haki ya kuingia kiwanjani. Mkataba wa usalama uliotiwa saini San Francisco tarehe 8 Septemba 1951, ukiusoma hivyo, unatisha. Marekani ilipata haki ya kuweka majeshi yake Japani, lakini haikufungwa popote kwamba ni lazima iilinde. Majeshi hayo yaliweza kuitwa na serikali kuzima ghasia za ndani. Japani haikuruhusiwa kumpa mwingine kituo bila idhini ya Marekani. Tarehe ya mwisho haikuwekwa. Mhandisi gani angeweka saini yake hapo? Kwa upande wa Japani aliweka mmoja tu, Yoshida mwenyewe.

Mkataba mpya wa 1960 uliondoa kifungu cha ghasia, ukaifunga Marekani kuilinda Japani, na ukaweka miaka 10, ambayo ikipita kila upande unaweza kujitoa kwa notisi ya mwaka mmoja. Hata hivyo vituo vilibaki, na watu wakajaa barabarani. Mwanafunzi Kanba Michiko alifariki tarehe 15 Juni katika vurugu za Bungeni, na Waziri Mkuu Kishi akajiuzulu.

Na Okinawa je? Mkataba wa amani wa siku ile ile ya 1951 ulikiacha kisiwa hicho mikononi mwa Marekani, hadi 1972. Wenyeji hawakuulizwa. Mashamba yao yalichukuliwa yakawa njia za ndege. Mpaka leo mkoa huo, wenye asilimia 0.6 tu ya ardhi ya Japani, unabeba takriban asilimia 70 ya eneo linalotumiwa na majeshi ya Marekani peke yake. Mkulima wa Okinawa ndiye aliyelipia hizo redio.

Basi mwenzetu akitusimulia tena ujanja wa Mjapani, tumuulize kwanza kama ameusoma mkataba wa Nanyuki, na kama anajua mfugaji wa Laikipia, akidhuriwa na bomu lililoachwa mazoezini, anashtaki mahakama ipi.