Mathe hajitolei, anafanya kazi

Wasee, juzi jirani alibisha kwetu saa tatu usiku. Mtoto wake wa miezi kumi alikuwa anaharisha tangu asubuhi. Hakukimbia hospitali kwanza, alikuja kwa mathe. Mathe akaacha ugali hapo mezani, akashika begi lake, wakatoka. Alirudi saa nne na nusu, chakula kimepoa, akaniuliza tu kama nimenunua tokeni za stima.

Mathe ni CHP. Kwa Kiswahili cha ofisini, mhamasishaji wa afya ya jamii. Kama unaishi mtaani ushamwona mtu kama yeye, yule mama wa kuingia ploti hii na ile akiuliza nani ana mimba, mtoto gani amekosa chanjo. Si daktari, si nesi. Hajasoma KMTC. Alifunzwa, akapewa simu, mashine ya presha, mizani, na ule utepe wa kupima mkono wa mtoto. Ukisoma kijani, sawa. Ukishuka chini ya sentimita 12.5 unaingia manjano, na hapo mathe anaanza kuuliza maswali ya chakula. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na hiyo siku mama lazima aende kliniki, hata kama mathe atamshika mkono wampeleke pamoja.

Serikali iliwazindua kwa mbwembwe Septemba 2023, karibu laki moja nchi nzima. Posho ikawekwa 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu, nusu kaunti. Kabla ya hapo waliitwa wa kujitolea, na wengi hawakuwa wanapata kitu. Kwa hivyo ni hatua, siwezi kataa. Lakini hebu piga hesabu na mimi. CHP mmoja anapewa kama nyumba 100. Hiyo ni bob 50 kwa nyumba, mwezi mzima. Chapo mbili na chai. Na hiyo ni kama pesa imeingia, juu nusu ya kaunti yetu iliwahi kupotea miezi mitatu. Ukiuliza unaambiwa hawa akina mama wana moyo. Sawa, wana moyo. Moyo haulipi nyumba.

Nilidhani nalalamika tu kwa sababu ni mathe wangu, hadi nikasoma kuhusu Jamaica. Katikati ya miaka ya 1980, pale Kingston, watafiti wakiongozwa na Sally Grantham-McGregor walichukua watoto 129 waliodumaa. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki, kama saa moja hivi, kwa miaka miwili. Waliowatembelea hawakuwa madaktari, walikuwa wasaidizi wa afya wa jamii, watu wa kiwango cha mathe. Na hawakuwa wanadunga sindano. Walikuwa wanacheza na mtoto mama yake akiwa hapo, wanamwonyesha mama vile anaweza kuongea naye, na wanatumia vitu vya kuchezea vya kutengenezwa nyumbani. Miaka 20 baadaye watoto hao, sasa watu wazima, walitafutwa tena. Waliochezeshwa walikuwa wanapata mapato asilimia 25 zaidi ya wenzao. Manze, kucheza tu!

Kuna mtu atasema basi tuwekeni manesi. Ni kweli kuna jaribio la Denver, Marekani, lililolinganisha manesi na wafanyakazi wasio na taaluma hiyo kwa kazi ya kutembelea familia, na manesi walipata matokeo makubwa zaidi. Sitaficha hiyo. Ila hapa kwetu huyo nesi wa kuja hadi mlangoni kwako kila wiki ni nani? Kliniki yetu foleni inaanza kabla ya jua. Tukikubali kwamba ni akina mathe watafanya hii kazi, basi wafunzwe poa, wawe na mtu wa kuwasimamia na kuwarekebisha, na walipwe kwa wakati. Jamaica hawakupewa begi na salamu za heri.

Kitu inaniuma zaidi ni hii. Mathe alifunzwa pia mambo ya kuuliza mama, "Unachezaje na mtoto? Unaongea naye?" Anapenda sana hiyo sehemu. Lakini simu inataka fomu. Ikaja SHA, akatumwa kusajili watu nyumba kwa nyumba. Kukiwa na kampeni ya chanjo, ni yeye. Kipindupindu kikitajwa, ni yeye. Nyumba 100, na kila ofisi yenye shida inakumbuka kuna mama fulani mwenye begi. Ile saa moja ya kukaa chini kwa mkeka na mtoto inatoka wapi?

Yule mtoto wa jirani alipona. Mathe alimpa ORS na zinki, akarudi kumwangalia siku mbili mfululizo. Jana nimempata kwa korido anagonga sufuria na kijiko, mathe ameketi na mama yake wanacheka, na simu ya kazi inalia kando. Fomu haijatumwa.

Kama mathe yako, anti yako ama shosh ni CHP, niambie hapo chini kaunti yenu imelipa hadi mwezi gani. Nataka tuandike majina ya miezi, si ya watu, tumpelekee MCA.